Pancha ya matundu mawili: nilivyoacha kusikiliza mafundi

Watu wa Tanga baiskeli tunaijua tangu enzi za kupitisha mguu chini ya bomba, kwa hiyo kila mtu ni fundi na kila fundi ana ushauri. Mimi ushauri umenila hela zaidi ya baiskeli yenyewe.

Nilinunua resi ya mtumba, tairi nyembamba 700 x 23, yaani upana milimita 23. Mwezi wa kwanza, pancha saba. Zote za nyuma. Mzee mmoja wa Ngamiani anayenizibia pancha tangu nasoma akaniambia, "Mwanangu, na jua letu hili, ukijaza sana itakupasukia. Punguza upepo." Shikamoo yake nampa, lakini ushauri ule! Nikapunguza, pancha zikaongezeka.

Kijana mwingine akasema hiyo ni miiba, kata tyubu kuukuu ya pikipiki uitandike ndani ya tairi. Jumapili nzima nimekaa barazani na mkasi wa mama (hajajua mpaka leo), nakata utepe. Ulikuwa mnene, tairi ikavimba upande mmoja kama chatu aliyemeza mbuzi. Nikasema itakaa tu njiani. Nikaelekea Pongwe, tuk, tuk, tuk, makalio yanahesabu kila mzunguko. Kwenye tuta la pili, pssss. Nikarudi kwa miguu na kikaptula changu cha kubana, nikapita kijiweni kwa bodaboda. Mmoja akauliza, "Kaka, umeikodi hiyo baiskeli au imekukodi wewe?"

Nyumbani nikaitoa tyubu, nikaitia kwenye beseni la maji. Mapovu yakatoka sehemu mbili zilizokaa sambamba, kama imeng'atwa na nyoka. Utepe wangu mzima, hauna hata mkwaruzo. Mwiba unatoboa tundu moja, tena upande unaogusa barabara. Haya yalikuwa upande wa rimu. Ukipiga tuta, jiwe au reli na upepo ni mdogo, tairi inalala kabisa, kingo mbili za rimu zinaibana tyubu na kuitafuna. Nilikuwa natafunwa na baiskeli yangu mwenyewe.

Nikaazima pampu ya kusimama yenye mshale wa kupima upepo kwa psi. Tairi ambayo kidole gumba changu kiliapa ni ngumu kama jiwe ilisoma psi 55. Mimi nina kilo 82! Ubavuni imeandikwa mwisho 120. Nikaweka 105 nyuma, mbele 95. Na lile jua? Hata likiipandisha tairi kutoka nyuzi 30 hadi 60, ile 105 inafika kama 117. Haipasuki. Ila upepo wa tairi nyembamba nao ni waja leo waondoka leo, unavuja wenyewe polepole kupitia mpira, kwa hiyo napima kila ninapotoka. Kidole hakijui tofauti ya 60 na 100, msikidanganye.

Baadaye nikapata tairi za 25, elfu hamsini na ushee, nikashusha hadi 90 na mgongo ukashukuru. 28 nilitamani, ikagusa breki. Tairi ikiwa pana kidogo inakuwa na nafasi ya kubonyea kabla rimu haijafika chini.

Kuna na mchezo wa kufunga. Tyubu naipaka poda ya mtoto, naipuliza kidogo tu ipate umbo la duara, ndipo naiingiza. Ukingo wa tairi nauingiza kwenye rimu nikianzia mbali na vali, namalizia kwenye vali, kwa vidole gumba. Vijiko vya kubandulia tairi nimevipiga marufuku sehemu ile ya mwisho, maana ndivyo vinavyoibana tyubu kabla hujafika hata barabarani. Kisha naisukuma vali juu kidogo, nachungulia pande zote mbili kama kuna mpira umechungulia, ndipo najaza.

Na kwenye matuta usikae kama gunia la mkaa. Nyanyua makalio, legeza viwiko, magoti yabebe. Reli ivuke ukiwa umenyooka, si kwa mshazari.

Tangu Ramadhani nimepata pancha moja tu. Msumari. Nikaipeleka kwa yule mzee makusudi, nikamwekea tyubu mezani: tundu moja. Akaigeuza, akaitazama, akauliza upepo naweka kiasi gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akanizibia, akachukua buku yake.