Ndoto ya 1968 na boksi la Berkeley

Wiki hii nimesoma tena makala ya J.C.R. Licklider na Robert Taylor, watafiti wa kompyuta wa Marekani, ya mwaka 1968, iliyotoka mwaka mmoja kabla ya kompyuta za kwanza za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, kuunganishwa. Walitabiri jumuiya za watu waliokutanishwa na wanayoyapenda, si na ujirani, na wakasema maisha yatakuwa na furaha zaidi. Hilo la furaha sijalikubali hadi leo. Ila swali lao nalipenda mno: kuwa mtandaoni kutakuwa haki ya watu wote au upendeleo wa wachache?

Kwa jibu, mimi naenda Berkeley, California, mwaka 1973, kwenye duka la santuri la Leopold's. Mhandisi Lee Felsenstein na wenzake waliweka pale mashine ya kuchapia iliyounganishwa kwa simu na kompyuta kubwa ya San Francisco, wakauita mradi huo Community Memory. Mashine ilipiga kelele, basi wakaifunika kwa boksi lenye plastiki angavu juu, ili maandishi yasomeke, na matundu ya kupitisha mikono. Mpita njia yeyote aliandika. Wanamuziki walitafutana humo. Mtu akauliza bagel nzuri, yaani mikate ya duara yenye tundu katikati, zinapatikana wapi. Hakutajiwa maduka tu, alielekezwa hadi kwa mtu wa kumfundisha kuzioka.

Tazama sasa: wale wawili walidhani mashine itatuondoa kwa majirani, kumbe hii iliwakutanisha majirani wasiojuana.

Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ulikaribia zaidi utabiri. Kompyuta zilipigiana simu na kupokezana ujumbe, na kila mada ikawa na kundi lake. Lakini mtu wa mtaani angeingiaje? Kwa miaka mingi wengi humo walikuwa watu wa vyuo na kampuni zenye kompyuta zilizotumia mfumo wa Unix. AOL, kampuni ya Marekani ya kuwaunganisha watu mtandaoni, ilipowafungulia wateja wake mlango wa Usenet, wenyeji walilalamika kwamba Septemba ya 1993 haikwisha, kwa kuwa zamani wageni walifurika Septemba tu, vyuo vinapofunguliwa.

Malalamiko hayo yananiuma. Niko upande wa wageni. Kweli, walivuruga desturi, lakini nani aliwapokea? Kando ya lile boksi la Berkeley alikaa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumwonyesha mgeni namna ya kuanza.