Mfano wa Little Moreton Hall (1:50): upande wa kusini umesimama

Upande wa kusini umefika ghorofa ya tatu, na umepinda kama nilivyokusudia upinde.

Kwa anayeanza kufuatilia sasa: ninajenga mfano wa Little Moreton Hall, jumba la mbao la familia ya makabaila wa Cheshire, karibu na mji wa Congleton, Uingereza. Pande zake tatu zinazunguka ua mdogo uliosakafiwa mawe, na lote limezingirwa na handaki la maji lenye upana wa mita 10 hivi. Ukumbi mkuu ulijengwa kwa ajili ya William Moreton kati ya 1504 na 1508. Waliomfuata wakaongeza hapa chumba, pale ghorofa, mpaka ikafika kama 1610. Hakuna aliyekaa chini akalichora jumba zima, ndiyo maana pembe zake hazipatani. Mimi hilo ndilo lililonivuta. Majumba yaliyonyooka kwa rula yananichosha.

Kiunzi

Jumba halisi limeshikana kwa viungo vya mwaloni, mti mgumu wa Ulaya: ulimi wa boriti moja unaingia kwenye tundu la nyingine, kisha kigingi cha mwaloni kinapigiliwa kukaza. Katikati ya mbao zilisukwa fito na kukandikwa udongo; aliyewahi kukandika nyumba kijijini asingehitaji kuelekezwa. Mimi natumia mabaki ya mninga kutoka kwa seremala, yaliyopasuliwa milimita 4, na kuta ni kadibodi iliyopakwa chokaa. Viungo vingi ni gundi tu. Nguzo kuu za pembeni peke yake ndizo nilizozitoboa na kuzipiga vijiti vya kuchokolea meno, baada ya kuvichonga viwe vyembamba zaidi.

Kazi inayokula muda ni mbao za mshazari. Zimepangwa zikafanya maumbo ya almasi na ya mishale ukuta baada ya ukuta, na sehemu kubwa ni pambo. Mwenye nyumba alitaka wapita njia waone kwamba mwaloni kwake si haba.

Ghorofa ya juu

Hapa ndipo palipo na utamu wote. Miaka ya 1560 hivi, juu ya upande wa kusini, pakawekwa chumba kirefu chenye madirisha kila upande, kama mita 21 kutoka mwisho hadi mwisho. Kwangu ni sentimita 42. Vyumba vya namna hiyo vilikuwa fasheni ya wakubwa wa enzi ya Malkia Elizabeth I: pa kutembea mvua ikinyesha, pa kucheza. Na kweli walicheza, kwani nyuma ya mbao za ukutani ziliwahi kupatikana mpira za tenisi za mwanzoni mwa karne ya 17.

Tatizo ni kwamba chumba hicho kinaonekana kama wazo lililokuja baadaye, na juu yake likawekwa paa la mabamba ya mawe mazito. Sakafu za chini zikalemewa, zikabonyea na kujipinda. Ndani ya chumba chenyewe zipo boriti za kukingama ambazo inaelekea ziliongezwa karne ya 17 ili kuta zisisukumwe nje. Elizabeth Moreton, mtawa wa Kianglikana aliyerithi jumba mwaka 1892, huenda ndiye aliyeingiza vyuma vya kukaza. Hata hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970 ikagundulika kwamba paa la upande huo si salama, na matengenezo makubwa yakafuata.

Ili nipate mpindo huo, mbao za sakafu nililoweka maji ya moto, nikazibana kwenye kalibu na kuziacha zikauke. Mpindo nimeuzidisha kidogo kuliko picha zinavyoonyesha; kwa kipimo cha 1:50 ukiufuata kwa uaminifu hauonekani.

Madirisha

Inasemekana jumba lina vipande vya vioo 30,000, vilivyoshikwa kwa madini ya risasi. Sivikati. Nimechapisha mistari kwenye karatasi angavu ya plastiki, basi. Isipokuwa madirisha mawili makubwa yanayochomoza uani, hayo nimeyajenga kwa mkono, kwa sababu yana jina la fundi. Juu yake pamechongwa kwamba yalitengenezwa mwaka 1559 kwa ajili ya William Moreton (huyu ni mwingine, jina lilirudiwa katika ukoo), na kwamba seremala ni Richard Dale. Ni majumba mangapi ya enzi hiyo yaliyomwacha fundi aandike jina lake karibu na la bwana?

Rangi

Hapa nimebishana na nafsi yangu kuliko mahali pengine. Weusi na weupe unaouona kwenye picha zote ni mtindo wa enzi ya Malkia Victoria. Zamani mwaloni uliachwa uchakae wenyewe mpaka ukawa wa kijivu, na kuta katikati zikapakwa rangi ya udongo wa manjano. Nilishachanganya hiyo rangi ya manjano, na ni nzuri mno.

Lakini mpindo wangu ni wa leo. Nikipaka rangi za 1610 kwenye kuta zilizolemewa kwa zaidi ya miaka 400, nitakuwa nimetunga jumba ambalo halijawahi kuwepo. Sheria ya Uingereza ya majengo ya urithi nayo haichagui karne moja. Jumba hili liko Daraja la Kwanza, yaani la juu kabisa, na kinacholindwa ni jengo zima kama lilivyo, pamoja na walichoongeza wa baadaye. Vyuma vya yule mtawa navyo vimo. Kwa hiyo ni nyeusi na nyeupe, na vyuma nitavitia, waya mwembamba unatosha. Ile manjano nimeiweka kwenye kopo kwa ajili ya mfano mdogo wa ukumbi mkuu peke yake, uliyonyooka, nikipata nafasi.

Kinachofuata

Paa. Nimejaribu mabamba ya saruji nyembamba, yanavutia lakini ni mazito, na sakafu zangu tayari zimeinama vya kutosha. Nadhani nitakata kadibodi ngumu na kuipaka mchanganyiko wa gundi na mchanga. Baada ya hapo ni mabomba ya moshi ya matofali, kisha handaki, ambalo litaongeza sentimita 20 kila upande na kunilazimu kutafuta meza nyingine.