Okidi ya Dirishani Trondheim, kwa Macho ya Mtu wa Kigoma

Binti wa kaka yangu anasoma Trondheim, nchini Norwei, na tangu aliponunua okidi supamaketi haipiti wiki bila kunitumia picha ya majani yenye swali chini yake: "Shikamoo shangazi, hili limelegea, nimwagilie?" Ananiuliza mimi kwa sababu nyuma ya nyumba yangu hapa Kigoma nimezifunga okidi za kwetu kwenye panda ya mwembe, nilizoziokota kwenye matawi ya miti iliyoangushwa kwa ajili ya mkaa. Kwa kuwa maswali yake ni yale yale ya kila anayeanza, nimeona ni heri niyajibu kwa urefu.

Ya kwake ni Phalaenopsis, ambayo asili yake ni misitu ya joto ya Asia, ikiwemo ya Ufilipino na Indonesia. Ya kwangu ni Ansellia africana, yenye maua ya njano na madoa ya kahawia. Zote mbili huishi juu ya miti bila kugusa udongo, lakini zinatofautiana katika jambo kubwa: ya kwetu ina mashina manene mfano wa vipande vya muwa, ambamo huweka akiba ya maji, ndiyo maana kiangazi chetu hakiiui. Phalaenopsis haina ghala la namna hiyo. Ina majani yake mazito na mizizi tu. Kwa hiyo haifai kuachwa na kiu miezi mizima, na haifai kulowa kila siku.

Kinachoua okidi nyingi katika nchi za baridi, kwa maoni yangu, ni huruma ya mwenye nyumba, kuliko hata theluji iliyoko nje. Mwezi wa Desemba huko Trondheim jua huchomoza karibu saa nne asubuhi na kuzama kati ya saa nane na saa tisa mchana. Mmea usiopata mwanga hukua polepole na hunywa kidogo, ilhali mwenyewe anaendelea kuumwagilia kama ilivyokuwa Julai. Mizizi inaoza, majani yanalegea kwa kukosa maji, naye akiyaona yamelegea anaongeza maji. Ndiyo sababu swali la binti yangu halijibiki kwa kutazama jani. Ni lazima atazame mizizi, na chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani kimewekwa kwa kazi hiyo. Mzizi mzima umefunikwa na tabaka jeupe linalofyonza maji: ukiwa umelowa huwa wa kijani, na ukikauka hurudi kuwa na rangi ya fedha. Mizizi yote ikiwa na rangi ya fedha, amwagilie hadi maji yapite chini, kisha ayaache yachuruzike yaishe. Ule wa kahawia aubane kwa vidole na kuuvuta. Ukiwa umeoza, ngozi yake itavuka na kumwachia uzi mwembamba mkononi. Kuhesabu siku hakusaidii, maana chumba kimoja hukausha upesi kuliko kingine.

Maji ya bombani wakati wa baridi kali kwanza yakae ndani hadi ubaridi uyatoke, na yasituame kwenye moyo wa mmea, pale majani yanapokutana, kwa kuwa hapo kuoza huanza kimyakimya.

Dirisha la kusini, ambalo huko majira ya joto lingeunguza majani, wakati wa baridi ndilo zuri kuliko yote. Kuanzia machipuko auhamishie mmea dirisha la mashariki, au atundike pazia jepesi. Jani lisigusane na kioo. Usiku pazia zito likishafungwa, okidi iwe upande wa chumbani, kwa sababu kati ya pazia na kioo joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 15, na hapo inaumia. Hata hivyo ubaridi wa kiasi una faida: wiki chache za usiku wa nyuzi 16 hadi 18 wakati wa vuli ndizo huiamsha itoe bua jipya la maua. Chombo cha kupasha joto kilicho chini ya dirisha hukausha hewa, basi chungu kikae juu ya sahani ya kokoto zenye maji, bila kitako chake kugusa maji hayo. Kunyunyizia majani sioni kama kuna faida kubwa.

Matumba yakianguka kabla ya kufunguka, achunguze kama upepo wa dirisha lililofunguliwa unayapiga, au kama ameweka ndizi mbivu karibu, kwani gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva huyaangusha.

Aliniomba pia nimtumie kipande cha okidi ya kwetu. Nilikataa: okidi zote zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini, na hazivushwi mpaka kiholela bila kibali.

Maua yakiisha asiutupe mmea, maana huishi miaka mingi. Bua likiwa bado la kijani alikate juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini. Likikauka alikate shinani. Kila baada ya miaka miwili hivi, katika machipuko, abadilishe magome ya msonobari yaliyomo chunguni, na mbolea iliyozimuliwa sana aitoe wakati mmea unakua tu. Mizizi inayotoka nje ya chungu na kuelea hewani asiikate wala asiizike, kwa sababu huko kwao msituni ndivyo inavyoishi.