Chaki ya fundi sakafuni

Leo nimefunga duka mapema. Sare za watoto zipo mezani, zimekatwa lakini hazijashonwa, na mwenyewe atakuja kesho saa nne. Nitaamka alfajiri nimalizie. Nataka niandike haya sasa, viganja vikiwa bado vina harufu ya chuma.

Kwa asiyefuatilia mambo ya vyuma: dedilifti ni kukinyanyua chuma, yaani fimbo yenye sahani za uzito ncha zote mbili, kutoka sakafuni mpaka usimame wima nacho mkononi. Basi. Lakini kuna namna mbili za kukisimamia. Kwa mkao wa kawaida, miguu inakaa chini ya nyonga na mikono inashuka nje ya magoti. Kwa sumo, jina lililotokana na wale wanamieleka wa Japani, miguu inatanuliwa, vidole vinatazama pembeni, na mikono inashuka katikati ya magoti. Mimi miaka sita nilikuwa mtu wa mkao wa kawaida. Nilijifunza kwa kuwatazama wenzangu, nikafika kilo 160, na nilijivunia sana zile kilo.

Mwaka jana mwezi wa nane kiuno kikakataa. Haikuwa hata siku ya uzito mkubwa. Kilo 130, seti ya tatu, nikasikia kitu kinashika upande wa kushoto, nikakiachia chuma. Wiki mbili sikuweza kuinama kuokota uzi. Na kazi yangu ndiyo hiyo, kutwa nimeinamia cherehani. Daktari alinipima akasema ni misuli, pingili ni nzima. Nilimshukuru Mungu, lakini usiku nilikuwa najiuliza kama nimeshamaliza safari yangu ya vyuma nikiwa na miaka 37.

Niliporudi jimu, nilimkuta mzee anayetufundisha amekaa kwenye benchi lake la mbao. Zamani alikuwa kuli bandarini, na hadi leo anautazama mwili wa mtu kama anayepima mzigo utabebwaje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kiuno kinasemaje?"

Nikamweleza. Akanisimamisha, akaniambia nining'inize mikono. Vidole vyangu vinaishia juu kabisa ya paja. "Unaona? Una kiwiliwili kirefu na mikono mifupi. Kukifikia chuma lazima mgongo ulale kama meza. Tanua miguu, uketi nacho karibu, mgongo ubaki umesimama."

Nilidhani ni jambo la wiki moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba sumo ni ile ile dedilifti yangu, ila miguu iko mbali. Nikatanua, nikashika, nikavuta kwa pupa kama nilivyozoea. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu kutoka ubavuni. Nilipoitazama video niliumia roho: makalio yameruka juu kabla chuma hakijaondoka chini, magoti yameingia ndani, na mgongo umelala vile vile kama zamani. Ule mkao mpya ulidumu nusu sekunde tu. Mzee akatoa sahani moja moja mpaka zikabaki kilo 60. Niliyezoea 160 nikarudishwa kwenye 60, pembeni vijana wa juzi wanapashia misuli kwa 80. Nilikubali, kwa sababu nilikuwa nakumbuka ile sakafu na ule uzi nisioweza kuuokota.

Kosa la pili lilikuwa upana. Nilitanua kupita kiasi, vidole vikawa karibu na sahani, mahali ambapo chuma kikishuka vibaya unapoteza kucha au kidole. Kinena kikawaka moto. Kesho yake kupanda ngazi ya daladala ilikuwa shughuli. Mzee akanirudisha ndani kwa upana wa kiganja kila upande, akaniambia nishike chuma kisha nitazame miundi yangu. Ukiwa umekaa vizuri, muundi unasimama wima, goti liko juu ya kifundo cha mguu na linaelekea kule kule vinakoelekea vidole. Ukitanua zaidi ya hapo, muundi unalalia ndani na nguvu ya mguu inapotea. Kila mtu na nyonga zake. Jirani yangu anasimama wazi kuliko mimi kwa shibiri nzima na yuko sawa.

Nikavua viatu. Nilikuwa navaa raba za kukimbilia zenye soli laini, na kwa mkao huu mguu ulikuwa unabonyea upande wa ndani. Sasa nasimama peku. Kisha nikatoa mfukoni chaki yangu ya buluu, ile ya kuchorea kitambaa, nikazungushia nyayo zangu pale sakafuni kama ninavyozungushia patani. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia, vidole vimeelekea pembeni. Kila siku nikifika nazipitia tena zile alama kabla sijagusa chuma.

Kuna jambo lingine ambalo bila futi kamba nisingeligundua. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo katikati ya chuma panakaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Zetu nyingi ni za zege, zimemwagwa kwenye ndoo na makopo ya rangi. Nilipopima, kipenyo chake ni 36. Maana yake chuma chetu kilikuwa kinalala kwenye 18, chini kwa sentimita nne na nusu. Kwenye suruali, tofauti hiyo inamfanya mteja akurudishie kazi. Kwenye sumo ndiyo inayokulazimisha uporomoshe makalio na kukunja mgongo ili ukifikie chuma. Tukaokota vipande vya mbao kwa seremala wa jirani, tukavipanga chini ya sahani. Siku hiyo hiyo kifua changu kilipanda bila kulazimishwa. Nasikitika kwamba miaka sita hakuna aliyewaza kupima.

Nyumbani kazi ikawa kuchuchumaa. Kila usiku, taarifa ya habari ya saa mbili ikianza, nachuchumaa mbele ya televisheni, viwiko vinasukuma magoti nje, mpaka habari za michezo. Mwezi wa kwanza nilikuwa nashikilia mguu wa meza nisianguke.

Lakini kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni kusubiri, na hapa ndipo ningependa anayeanza asome taratibu. Chuma kina ulegevu wake. Kati yake na tundu la sahani kuna upenyo mdogo, na chenyewe hupinda kidogo kikibeba uzito. Ukikirukia kwa pupa, nguvu zako za mwanzo zinaishia kwenye ule ulegevu, na mwili unavutwa mbele. Sasa nashika, navuta kidogo kidogo mpaka nasikia "tki" ya chuma kugusa juu ya tundu. Hapo sijanyanyua kitu bado. Naendelea kukaza, navuta mabega chini kuelekea kwapani, pumzi inajaa tumboni mpaka mkanda unabana, nyonga zinasogea kwenye chuma. Miguu inasukuma sakafu kwa pembeni, kama nimesimama juu ya kanga na ninataka kuichana katikati. Ndipo nasukuma chini.

Na chuma hakiondoki. Mkao wa kawaida ulinizoesha kwamba kinatoka haraka, halafu taabu inakuja magotini. Huku taabu yote iko pale chini. Sekunde moja nzima, wakati mwingine karibu mbili, unasukuma kwa nguvu zako zote na sahani zimeganda kwenye mbao. Mara ngapi nimekata tamaa kwenye ile sekunde! Mara ngapi nimenyanyua makalio ili tu kitu kisogee! Nikipita magoti, kumalizia juu kunakuja kwenyewe. Fundi cherehani anaujua ulegevu huu. Ukikanyaga kabla hujashika ncha za uzi na kukikaza kitambaa, uzi unajifunga chini na lazima ufumue. Niliyajua hayo mezani kwangu miaka kumi na tano, na bado jimu nilikuwa nakanyaga tu.

Wapo wanaosema sumo ni wizi kwa kuwa chuma kinasafiri umbali mfupi. Nimepima: kwangu ni sentimita 43 badala ya 55. Ni kweli ni fupi. Lakini kwenye pawaliftingi, yaani mashindano ya kunyanyua vyuma ambayo dedilifti ni sehemu yake, mikao yote miwili inaruhusiwa. Mmarekani Ed Coan alinyanyua kilo 408 mwaka 1991 miguu ikiwa imetanuliwa, na mwili wake mwenyewe ulikuwa na kama kilo 100 tu. Hafþór Björnsson wa Iceland alinyanyua 501 mwaka 2020 kwa mkao wa kawaida. Kila mmoja alisimama pale mwili wake ulipomruhusu, na mimi siwezi kumwita yeyote kati yao mwizi.

Leo ilikuwa 145, miezi minne kamili tangu zile 60. Nimesikia "tki". Nimesubiri. Sahani zimekaa, zimekaa, nimesikia damu masikioni, kisha mbao zikatoa mlio mdogo na chuma kikapanda kimegusa miundi njia nzima. Nimekishusha taratibu. Kiuno hakikusema kitu.

Mzee hakupiga makofi. Alikuja, akaziangalia alama zangu za buluu, akazifuta kwa kandambili yake mpaka sakafu ikabaki ya kijivu.

"Haya, panga mwenyewe."

Nimesogea. Nimeweka mguu wa kushoto, nikaweka wa kulia, bila kutazama chini. Kisha nikainama nikapima kwa futi kamba kutoka kisigino hadi kisigino: sentimita 84. Alama zilikuwa 85.