Picha niliyopiga kwenye mlango wa ngome ya Cape Coast

Wengi mmeniuliza hii picha iliyopo kwenye kioo cha simu yangu ni ya wapi, na kwanini mimi mwenyewe simo. Ni Ghana, ngome ya Cape Coast.

Tulitoka Accra alfajiri na trotro, ndo daladala zao. Ngome ukiiona kwa mbali ni nyeupe pee, iko juu ya mwamba mawimbi yanapiga chini yake, usipoambiwa utasema hoteli. Waswidi ndo walianza kujenga pale 1653, Waingereza wakaichukua 1664 wakaifanya kituo chao kikubwa cha kuuza watu, mpaka walipopiga marufuku hiyo biashara 1807.

Kule chini walipokua wanafungiwa wanaume kuna joto na giza, vidirisha vidogo vipo juu huko hufikii. Mzee aliyekua anatutembeza akazima taa akanyamaza, halafu akasema hapa juu ya vichwa vyenu ndo palikua na kanisa. Yani watu wanaimba juu, na chini yao kuna watu wenye minyororo. Dada mmoja pembeni yangu alianza kulia na mimi nikashindwa hata kumwambia pole.

Tukafika kwenye mlango wenyewe, mkubwa mweusi wa mbao, wanauita Mlango wa Kutorudi maana ukipita hapo ni merikebuni. Mzee akausukuma na mwanga ukaingia wote kwa mkupuo. Mi nilitegemea kuona bahari tupu, kumbe nje pamejaa mitumbwi ya rangi rangi ina bendera, watoto wanakimbizana, na karibu kabisa na mlango baba mmoja kakaa mchangani anashona nyavu, kaikaza na kidole gumba cha mguu, uzi kaung'ata.

Nikapiga nikiwa bado ndani, moja tu, ndo maana pembeni kote ni giza na yeye yupo katikati kwenye mwanga.

Marehemu baba yangu alikua mvuvi Pangani na alikua anakaa hivohivo, kidole hichohicho, na mimi ndo nilikua namshikia upande wa pili. Nikatoka nikamuonyesha yule baba picha, akacheka, lugha hatuelewani, nikashika nyavu nikavuta nae akaendelea kushona kama vile tumezoeana.

Nilipogeuka nikaona kwa nje mlango uleule umeandikwa Mlango wa Kurudi. 1998 walirudisha mabaki ya watu wawili waliokua watumwa, mmoja kutoka Jamaica mmoja Marekani, wakapitishwa hapohapo kuingia ndani.

Niliporudi nyumbani nikampa mama simu. Akaishika muda mrefu, akaikuza na vidole mpaka kwenye mguu, akauliza, "Matundu madogo haya, huko nao wanavua dagaa?"