Bunduki inayombeba mchezaji: kumbukumbu ya kusawazisha silaha kwenye gemu ya Godot 4

Mradi ni gemu ndogo ya kurushiana risasi, watu wanne hadi wanane kwenye ramani moja, inayotengenezwa kwa Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, na kuchezwa kwenye kompyuta na simu za Android. Silaha ni tano: SMG, yaani bunduki ndogo ya kufyatua mfululizo, raifo, bunduki ya mdunguaji, bunduki ya marisau, yaani shotgun, na kirusha guruneti. Kumbukumbu hii inahusu kazi moja tu, nayo ni kuhakikisha hakuna silaha inayombeba mtu asiyejua kulenga mpaka akashinda waliojifunza.

Silaha kali si tatizo. AWP, bunduki ya mdunguaji ya gemu ya Counter-Strike, ni kali kupita zote: ikikupata kifuani au tumboni umekufa hata ukiwa na fulana ya kinga, na miguuni tu ndipo unabaki na uhai kidogo. Lakini inagharimu dola 4,750 za ndani ya gemu wakati AK-47 ni 2,700. Ukiua kwa AWP unalipwa 100, ukiua kwa AK unalipwa 300. Risasi moja hadi nyingine ni karibu sekunde moja na nusu. Hata hivyo iliendelea kupunguzwa makali: mwaka 2015 kasi ya kutembea huku ukichungulia kwenye darubini ilishushwa kutoka 150 hadi 100, na mwishoni mwa 2022 magazini yake ikatoka risasi 10 hadi 5. Nguvu yake haikuguswa, kilichopandishwa ni gharama ya kukosa.

Linganisha na bastola ya R8 iliyoingia kwenye gemu hiyohiyo Desemba 2015. Pigo lake, yaani uhai unaoondolewa na risasi moja, lilikuwa 115, sawa na AWP, kwa bei ya bastola. Ukitoa kinachozuiwa na fulana, kifuani ilibaki juu ya 100, ambao ni uhai wote wa mchezaji, yaani risasi moja mtu mmoja. Siku chache baadaye pigo likashushwa hadi 86. Hiyo ndiyo silaha inayobeba: ina nguvu ya bunduki ya mdunguaji bila darubini, bila bei, bila uzito.

Toleo 0.3: jedwali kabla ya msimbo

Kazi ilianzia kwenye lahajedwali. Uhai wa mchezaji ni 100. Muda wa kuua ni idadi ya risasi zinazohitajika, toa moja, zidisha kwa pengo kati ya risasi. Unatoa moja kwa sababu risasi ya kwanza inatoka palepale kidole kinapobonyeza.

Hapa kuna mtego ambao kila anayetengeneza gemu ya risasi atakutana nao. Raifo yenye pigo 33 inahitaji risasi nne, na yenye pigo 34 inahitaji tatu. Kwa risasi 600 kwa dakika pengo ni milisekunde 100, kwa hiyo pointi moja ya pigo inashusha muda wa kuua kutoka milisekunde 300 hadi 200. Macho na kidole cha mtu wa kawaida huhitaji karibu milisekunde 250 kuitikia kitu alichokiona, hivyo kwenye 200 anayepigwa hana nafasi ya kugeuka wala kujificha. Ukiona wachezaji wote wamehamia bunduki moja baada ya badiliko dogo, angalia kwanza kama pigo limevuka 20, 25, 33.4 au 50.

Muda huo ni wa mtu asiyekosa, na mtu huyo hayupo. Kwa hiyo jedwali lina safu mbili za ziada, mkono mgeni na mkono mzoefu, kila mmoja na sehemu ya risasi zinazompata adui. Kama zinahitajika risasi tano na mkono unapata 0.6, gawa 5 kwa 0.6, toa 1, zidisha kwa pengo.

SMG ya risasi 900 kwa dakika, inayoua kwa risasi tano, ilitoa milisekunde 489 kwa mgeni wa 0.6 na 350 kwa mzoefu wa 0.8. Raifo ya pigo 33 ilitoa 900 kwa mgeni wa 0.4 na 471 kwa mzoefu wa 0.7. Bunduki ya mdunguaji, risasi moja kila sekunde 1.5, ilitoa 2,786 kwa mgeni wa 0.35 na 375 kwa mzoefu wa 0.8.

Sasa gawa namba ya mgeni kwa ya mzoefu. SMG ni 1.4, raifo 1.9, mdunguaji 7.4. Namba ndogo maana yake ni silaha rahisi, na urahisi peke yake ni jambo jema, maana mgeni anahitaji kitu cha kuanzia. Hatari iko pale silaha yenye uwiano mdogo inapokuwa pia na namba bora kuliko zote kwa mzoefu. Kwenye toleo hili SMG ilikuwa hivyo: inaongoza kwa mgeni na inaongoza kwa mzoefu. Hapo mzoefu hana sababu ya kushika kitu kingine, na silaha nne zilizobaki ni mapambo.

Toleo 0.4: SMG na pigo la 20

Dawa ya SMG ni umbali. Pigo libaki kamili hadi mita 15, kisha lishuke kwa mstari ulionyooka hadi 14 kwenye mita 40. Kwa pigo la 20 hili lilizaa ukuta: mara tu unapovuka mita 15 pigo linakuwa 19.9, na risasi tano hazitoshi tena. Hatua moja nyuma inaongeza risasi nzima. Mchezaji anahisi bunduki imeharibika ghafla bila kuona sababu.

Pigo linahitaji akiba juu ya kizingiti. Namba 22 ilionekana nzuri hadi ilipopimwa na kichwa, ambacho kinazidisha kwa 1.5. Risasi moja ya kichwa ni 33, tatu za mwili ni 66, jumla 99. Adui anabaki na uhai 1 baada ya kupigwa risasi nne, mojawapo kichwani, na hakuna kinachowaudhi wachezaji wa pande zote mbili kama hicho. Pigo la 23 linamaliza tatizo hilo, lakini risasi tatu za kichwa zinafika 103.5 na zinaua, jambo ambalo ni kali mno kwa bunduki ya kasi hii. Iliyobaki ni 21: risasi tano za mwili, nne za kichwa, na mchanganyiko wa kichwa kimoja na mwili tatu unaishia 94.5. Akiba yake inafika mita 18.6 kabla ya kuhitaji risasi ya sita, na mita 30.5 kabla ya saba. Ngazi bado ipo, ila zile za mwanzo ziko mbali na mahali SMG inapotumika.

Ushauri: usiamini mchoro wa kushuka kwa pigo unaoonekana laini. Chora idadi ya risasi kwa umbali. Hiyo ndiyo mchezaji anayoihisi.

Toleo 0.5: bunduki ilikuwa tofauti na jedwali

SMG ya pili ya majaribio iliandikwa risasi 800 kwa dakika, yaani pengo la milisekunde 75, lakini kwenye gemu ilitoa 720. Chanzo ni mzunguko wa fizikia. Godot huendesha `_physics_process`, sehemu ya msimbo inayohesabu mwendo na risasi, mara 60 kwa sekunde, kila mzunguko milisekunde 16.67. Milisekunde 75 ni mizunguko 4.5, na bunduki haiwezi kufyatua katikati ya mzunguko, kwa hiyo inasubiri wa tano: 83.3. Ile ya 900 haikuonyesha kasoro kwa sababu 66.7 ni mizunguko minne kamili.

Dawa ni kutotupa muda uliobaki. `subira` ni muda uliobaki kabla ya risasi inayofuata. Badala ya `subira = pengo` baada ya kufyatua, andika `subira += pengo`, ili kilichozidi kipunguzwe kwenye risasi inayofuata. Bunduki sasa inafyatua kwa mizunguko mitano, minne, mitano, minne, na wastani ni 75.

Dawa hii ina sumu yake. Kidole kikiwa kimeachia, subira inaendelea kushuka chini ya sifuri na kuwa deni. Ukibonyeza tena, bunduki inalipa deni lote kwa mpigo mmoja: risasi kumi ndani ya fremu moja, adui anayeyuka. Weka `subira = max(subira, 0.0)` kila mzunguko ambao kidole hakijabonyeza.

Nodi ya Timer, kipima muda cha Godot, isitumike kwa bunduki za kasi. Inatoa ishara mara moja tu kwa fremu, na nyaraka za Godot zenyewe zinaonya kuhusu muda ulio chini ya sekunde 0.05. Msimbo wa kufyatua usikae pia kwenye `_process`, inayoendeshwa mara moja kwa kila fremu, kwa sababu simu inayotoa fremu 30 itakuwa na bunduki dhaifu kuliko simu inayotoa 60, na hapo anayebebwa ni mwenye simu ya bei.

Toleo 0.6: bunduki ya marisau

Marisau nane, kila moja pigo 15, jumla 120. Saba zikipata mtu, amekufa. Koni ya mtawanyiko ni nyuzi 4 kutoka katikati. Kwa hesabu, mita 5 mduara una nusukipenyo cha sentimita 35, na mwili wa upana wa sentimita 50 unapokea marisau sita au saba. Mita 10 mduara umekuwa sentimita 70, na zinazopata ni tatu au nne. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: tisho mlangoni, kelele tu uwanjani.

Majaribio yalionyesha inaua mbali kuliko hapo. Kosa ni la kawaida sana kwenye mafunzo ya mtandaoni: kila risau inapewa mwelekeo wa nasibu na umbali wa nasibu kutoka katikati, `R * randf()`, R ikiwa nusukipenyo cha mduara. Ukifanya hivyo nusu ya marisau inaangukia ndani ya nusu ya nusukipenyo, eneo ambalo ni robo tu ya mduara. Zinarundikana katikati na koni yako ya nyuzi 4 inafanya kazi kama ndogo zaidi. Andika `R * sqrt(randf())` na zinasambaa sawasawa.

Toleo 0.7: kirusha guruneti

Hii ndiyo silaha ngumu kuliko zote kusawazisha, kwa sababu haihitaji kulenga mtu, inahitaji kulenga sakafu. Waliocheza gemu ya Modern Warfare 2 ya mwaka 2009 wanakumbuka: kirusha guruneti chini ya mtutu, uwezo wa ziada ulioitwa Danger Close wa kuongeza nguvu ya mlipuko, na mwingine, One Man Army, uliokuwezesha kubadili seti ya silaha katikati ya mechi na kupata guruneti nyingine. Kila kipande peke yake kilivumilika. Vilipoungana, gharama pekee iliyokuwapo, uchache wa guruneti, ikafutika.

Kwa hiyo hapa guruneti ni mbili kwa kila uhai, na hakuna sanduku la risasi linalozirudisha. Mlipuko una nusukipenyo cha mita 4. Pigo likishuka kwa mstari kutoka 100, anayekosa kwa mita moja bado anatoa 75 na wa mita mbili anatoa 50. Likishuka kwa kipeo cha pili, `100 * pow(1 - d / R, 2)`, d ikiwa umbali na R nusukipenyo, mita moja inatoa 56 na mita mbili 25. Badiliko hilo halimgusi anayelenga sawasawa, linamgusa anayetupa ovyo. Mlipuko unamdhuru pia mwenyewe aliyerusha.

Kasoro mbili zilijitokeza. Kwanza, watu walipoteza uhai 75 kwa mlipuko wa mita mbili, ambao ulipaswa kuwa 25. Mwili wa mchezaji una maumbo matatu ya mgongano, kichwa, kiwiliwili na miguu, na `intersect_shape`, inayotafuta vilivyo ndani ya mlipuko, inarudisha kila umbo kama tokeo lake, hivyo pigo linahesabiwa mara tatu. Kusanya wenye maumbo kwenye kamusi kwanza, kisha toa pigo moja kwa kila mtu kwa kutumia umbali wa karibu zaidi. Pili, mlipuko ulipita ukutani. Mwale mmoja kutoka kwenye mlipuko hadi katikati ya mwili haufai, maana kizingiti cha mlango kinauziba. Tumia mitatu, kichwa, kifua na miguu, na pigo litolewe kwa sehemu ya miale iliyofika.

Toleo 0.8: roboti badala ya makisio

Sehemu za 0.6 na 0.8 kwenye jedwali zilikuwa za kuchaguliwa. Sasa kuna roboti mbili zinazopiga shabaha inayotembea, na kosa lao la kulenga linatoka `randfn(0.0, s)`, namba ya nasibu inayozunguka sifuri kwa mtawanyiko wa s, kwa nyuzi. Kwenye mita 15, nusu ya upana wa mwili ni karibu nyuzi 0.95. Roboti yenye s ya 1.1 inapata takribani 60 kwa 100, na yenye 0.75 inapata takribani 80, kabla ya kuongeza kuruka kwa mtutu. Kosa lichaguliwe upya kwa kila risasi kwa mgeni, lakini kwa mzoefu liburutwe polepole kuelekea sifuri, kwa kuwa mzoefu hurekebisha anapoona risasi inapoenda.

Roboti zilithibitisha kilichotarajiwa kwa bunduki ya mdunguaji: kuongeza pengo lake kunaumiza wanaokosa kuliko wasiokosa. Jaime Griesemer wa Bungie, studio iliyotengeneza Halo, alitumia mhadhara mzima kwenye GDC 2010, mkutano wa watengenezaji wa gemu, kueleza badiliko la aina hiyo kwa bunduki ya mdunguaji ya Halo 3, kutoka sekunde 0.5 hadi 0.7 kati ya risasi. Ni kazi inayostahili mhadhara mzima, kwa sababu namba ni moja lakini inagusa kila pambano la umbali mrefu. Ya mradi huu imebaki 1.5, na kilichoongezwa ni milisekunde 300 za kuinua darubini kabla mtawanyiko haujafungwa, ili isitumike kama bunduki ya marisau kwenye pembe za nyumba.

Kilichobaki ni simu. Msaada wa kulenga kwa kidole umewekwa kama koni moja ya nyuzi 3 kwa silaha zote, na hiyo haitadumu: kwa bunduki ya marisau mgeni anapata karibu kila anachokilenga, na uwiano wake umeshuka karibu na 1. Toleo 0.9 litaipa kila silaha koni yake, raifo 3, SMG 2, mdunguaji sifuri darubini ikiwa juu, marisau 1, na roboti zitaendeshwa tena kwa kila moja kabla ya kuruhusu wa simu na wa kompyuta kukutana kwenye chumba kimoja.