Randa la Kiingereza na kopo la soda

Leo nimekaa mlangoni kwa karakana, maranda yamenifika kwenye vifundo vya miguu, nimechoka vibaya ila acha niandike kabla sijasahau maana hii mashine imenila miezi saba.

Niliikuta Tanga, kwenye ghala la shamba la mkonge, imelala ubavu chini ya magunia inauzwa kwa kilo kama skrepa. Ni mashine ya randa, ile ya kunyooshea mbao, meza ina upana wa inchi 16 na urefu unanizidi hata nikilala nikanyoosha mikono. Nikafuta vumbi kwa kidole nikasoma Wadkin, Leicester. Hao ni Waingereza walioanza 1897 na chuma chao si cha mchezo, tuliipakia kwenye fuso vijana wanane na mnyororo na bado mmoja akawa anamwita mama yake.

Basi nikaingia kwa pupa. Dizeli, brashi ya waya, msasa, wiki tatu mfululizo, halafu nikaipaka rangi ya kijivu ikang'aa nikapiga picha nikazirusha kwa kila mtu. Rangi kwanza! Hapo hata bolti moja sijafungua.

Na bolti ndo zikaninyoosha. Spana ya 13 haiingii, ya 14 inacheza, nikadhani nati zimelika kumbe ni za Whitworth, yule Mwingereza aliyepanga vipimo vya bolti 1841, meno yake yana pembe ya digrii 55 wakati hizi zetu za milimita ni 60. Halafu namba kwenye spana zake inataja unene wa bolti yenyewe, siyo upana wa kichwa, sasa wewe jichanganye. Nikaazima seti kwa fundi mmoja wa matrekta ya zamani. Beringi nazo za inchi, nilizunguka maduka mpaka wakawa wakiniona wanacheka. Mota haikunisumbua, inataka tu umeme wa fezi tatu, ndo maana ipo hapa kwa rafiki yangu na siyo nyumbani.

Siku ya kwanza kuwasha, ngurumo safi, nikapitisha mbao mbili za mninga, nikazisimamisha ubavu kwa ubavu. Ncha zimegusana, katikati mwanya, laini ya simu inapenya. Nikarudia, vilevile. Mninga ule nilivyoununua kwa bei ile, nilitaka kulia.

Mzee jirani, fundi wa siku nyingi, akapita. Shikamoo. Marahaba, umeipendezesha kweli, rula ndefu iko wapi? Akailaza juu ya meza mbili, ya kuingizia na ya kutokea, akachungulia chini yake kwa tochi ya simu. Meza ya kutokea imeinama mwishoni. Yaani zile meza mbili lazima ziende sambamba, ya kuingizia inashuka kidogo tu, hicho kina ndo unachokata, na ya kutokea inakaa sawasawa na ncha ya kisu, vile visu vinavyozunguka katikati ya meza mbili, kikiwa juu kabisa. Ikiinama, kisu kinakuwa kama kilele cha mlima na ubao unalika katikati.

Dawa? Akaokota kopo la soda jalalani, akakata vipande kwa mkasi, tukalegeza meza, tukapachika kwenye njia zake za mteremko, pale meza inapotelezea ikipanda na kushuka, kaza, pima, legeza tena. Bati la kopo ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na kuna upande ulitaka kipande kimoja tu. Siku mbili nzima. Mwisho tukazima umeme kwenye swichi kuu, tukalaza kijiti kilichonyooka juu ya meza ya kutokea na kuzungusha visu kwa mkono, kila kisu kikikivuta kijiti kama milimita tatu hivi basi viko sawa. Cha tatu kilikuwa kivivu, tukakipandisha.

Leo asubuhi nimepitisha zile zile mbao, zimepungua lakini bado zinatosha meza ya kulia. Nimezisimamisha dhidi ya jua la dirishani, hakuna mwanga unaopita. Sikusema kitu, nimezigeuza nikaangalia tena.

Mzee kakataa hela, kabeba magunia mawili ya maranda ya kutandikia kuku wake. Rangi yangu ya kijivu imebanduka pembeni pale tulipopiga nyundo, na siigusi tena.